Miaka 16, hajavunja ungo, na altrasaundi imesema "hana kizazi"

Swali

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Kibaigwa. Binti yangu ana miaka 16 na miezi minne, yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Hajavunja ungo. Kifua chake bado ni cha mtoto, ingawa nywele za sehemu za siri ameota kidogo. Ni mrefu, kanipita mimi, na haumwi chochote. Tulipiga altrasaundi tukaambiwa kizazi hakionekani, "hana kizazi". Mahali pengine wakampa vidonge vya majira ili hedhi ije. Bado hajaanza kuvimeza. Bibi yake anasema kafungwa. Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 14. Kingine, sijui kama kinahusu: tangu mdogo hasikii harufu. Ukimwachia maharage jikoni yataungua mpaka moshi ujae, naye amekaa hapo hapo. Je, ni kweli hatazaa? Tuanzie wapi?

Jibu

Marahaba, mama. Hilo la maharage uliloliweka mwishoni kwa kusitasita ndilo zito kuliko yote uliyoandika, na nitalirudia. Kwanza mambo mawili ya leo: vidonge vya majira asivianze, na neno "hana kizazi" lisitamkwe tena mbele ya binti mpaka majibu ya damu yapatikane.

Nieleze kwa nini. Kizazi hukua kwa kulishwa estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari. Msichana ambaye mwili wake haujaipata ana kizazi cha kitoto: urefu wa sentimita 3 hivi, chembamba, shingo yake ni ndefu sawa na mwili wake au hata kuuzidi. Cha mwanamke mzima hufika sentimita 6 hadi 8 na kina umbo la pea. Altrasaundi ikipigwa kwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa hakijajaa vizuri, kizazi kidogo namna hiyo hupotea katikati ya utumbo na mpimaji akaandika kwamba hakipo. Ni kosa linalojulikana. Na wapo kweli wasichana waliozaliwa bila kizazi, lakini ovari zao kwa kawaida ni nzima, kwa hiyo kifua chao hukua kama cha wenzao. Binti yako kifua hakijakua. Hilo peke yake linatutoa kwenye kizazi na kutupeleka juu zaidi.

Kifua ndicho kipimo cha kwanza cha estrojeni, na hakihitaji maabara. Nywele za sehemu za siri zisikupotoshe: zinaletwa na homoni za tezi zilizo juu ya figo, ambazo hufanya kazi zake bila kungoja ovari. Ndiyo maana msichana anaweza kuwa na nywele na jasho la kikubwa, na bado balehe yenyewe haijaanza. Kwa kawaida kifua huanza kati ya miaka 8 na 13, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili au mitatu. Anayefika miaka 13 bila dalili yoyote ya kifua anatakiwa kuchunguzwa. Anayefika 15 bila hedhi, hata kama kifua kipo, naye achunguzwe, na vivyo hivyo kifua kikitimiza miaka mitatu hedhi haijaja. Kwa hiyo "subirini tu, wengine huchelewa" ni maneno ambayo kwa binti yako muda wake umepita.

Sasa mpangilio wenyewe. Katikati ya ubongo, chini, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Hutoa homoni ya GnRH kidogo kidogo kwa mapigo, pigo moja kila dakika 60 hadi 90 au zaidi kidogo. Mapigo hayo huamsha tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya maharage, nayo hutoa homoni mbili, FSH na LH. Hizo mbili huamsha ovari, ovari hutoa estrojeni, estrojeni hukuza kifua na kizazi. Mdundo ndio wenye kazi, kama kwenye muheme, ngoma ya Wagogo: ikilia mfululizo bila mapumziko hakuna anayeweza kucheza. GnRH ikitolewa bila kukatika, pituitari huzimika badala ya kuamka.

Estrojeni ikikosekana, basi, ama ovari zimeshindwa, ama ubongo hauziamshi. Kinachotenganisha ni FSH. Ovari zikishindwa, pituitari hupiga kelele: FSH hupanda, mara nyingi kupita 25 hadi 40 IU/L. Hapo tunafikiria ugonjwa wa Turner, ambapo kromosomu moja ya X imekosekana au ina kasoro; lakini hao kwa kawaida ni wafupi, na wewe unasema binti kakupita kimo. Ubongo ukinyamaza, FSH na LH huwa chini au "za kawaida" kwa namba, huku estrojeni iko chini. Hiyo "kawaida" imewapotosha wengi. FSH ya 3 kwa msichana wa miaka 16 asiye na kifua si ya kawaida hata kidogo. Ilitakiwa iwe imepanda kwa sababu estrojeni haipo. Karatasi ya maabara haijui umri wa kifua chake, inajua namba tu.

Turudi jikoni kwako. Seli zinazotoa GnRH hazizaliwi ndani ya ubongo. Mtoto akiwa tumboni, zinaanzia puani na kusafiri kwenda ubongoni zikifuata neva za kunusa. Njia hiyo isipojengeka, vitu viwili hukosekana pamoja: uwezo wa kusikia harufu, na mapigo ya balehe. Huu ndio ugonjwa wa Kallmann, uliobeba jina la Franz Kallmann aliyeeleza mwaka 1944 kwamba unarithiwa katika familia. Ni nadra, na kwa wasichana ni nadra zaidi kuliko kwa wavulana. Wapo pia wenye ukimya huo huo wa GnRH ambao pua zao ni nzima. Sijampima binti yako, na barua haitoshi kumpa mtu ugonjwa. Lakini urefu, kifua cha kitoto, afya njema na pua isiyosikia harufu tangu utotoni vikikaa pamoja, daktari atakayempokea lazima aambiwe hilo la pua katika sentensi ya kwanza. Watoto hawa hawalalamiki, kwa kuwa hawajui harufu ni kitu gani. Wanadhani wenzao wanaotaja harufu wanasema tu.

Mpime nyumbani kabla ya safari. Mfunge macho kwa kitambaa, azibe tundu moja la pua kwa kidole, kisha umpitishie kwa zamu kahawa ya unga, dagaa wakavu, ganda la chungwa lililominywa, na sabuni ya kuogea. Changanya na kikombe kitupu mara mbili tatu ili asikisie. Rudia kwa tundu la pili. Usitumie pilipili, kitunguu kibichi wala dawa ya kujipaka yenye mentholi: hivyo huchoma, na mchomo husafiri kwa neva nyingine kabisa, kwa hiyo hata asiyesikia harufu atasema "nimesikia". Asiwe na mafua siku hiyo.

Chukua pia tepu ya fundi cherehani. Pima kimo bila viatu akiwa ameegemeza visigino ukutani, halafu anyooshe mikono yote miwili pembeni, upime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha upande wa pili. Bila estrojeni, ncha za mifupa hazifungi, mikono na miguu huendelea kurefuka. Mikono ikizidi kimo kwa zaidi ya sentimita 5, andika, ni ushahidi. Uliza na ukoo: shangazi asiyezaa, mjomba ambaye hakuota ndevu, mtu aliyezaliwa na mdomo sungura au na figo moja. Mwangalie akishona au akiandika kama mkono mwingine unaiga mwenzake bila kukusudia. Hayo yote hutembea na Kallmann.

Hata hivyo ubongo unanyamaza kwa sababu nyingine, na daktari mzuri atazipitia zote kabla ya kukaa kwenye ile ya nadra.

Ya kawaida zaidi ni njaa, na hapa nazungumzia hata ile isiyoonekana. Haipothalamasi hupima akiba ya mwili, na ikiona haitoshi kulea mimba huzima mapigo. Msichana wa bweni anayekula ugali na maharage kidogo, anayekimbia mashindano au kutembea kilomita nyingi, mwenye hofu ya mtihani, anaweza kuzimika. Kwetu huku mvua ni ya msimu mmoja, na kuanzia Januari hadi Machi ghala nyingi za uwele na mtama huwa zimekauka. Wanaochelewa kwa ajili hiyo si wachache. Gawanya uzito wake wa kilo kwa kimo cha mita ukizidisha kimo kwa kimo: ikiwa chini ya 16 kwa umri wake, ni ukondefu unaotakiwa kutibiwa wenyewe kwanza. Dawa yake ni chakula: karanga ndani ya mlenda, maziwa, mayai, mafuta kwenye mboga, mlo wa nne kabla ya kulala. Magonjwa ya muda mrefu hufanya vivyo hivyo: selimundu, VVU, kifua kikuu, figo. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi ana hatari ya ziada, maana madini ya chuma hujilundika ndani ya pituitari yenyewe.

Halafu prolaktini, homoni ya maziwa. Ikipanda huzima GnRH. Dawa huipandisha: metoklopramidi ya kichefuchefu, haloperidoli na risperidoni za afya ya akili. (Binti anayetumia hizo za akili asiziache mwenyewe, hilo ni la kuzungumza na daktari wake.) Uvimbe mdogo wa pituitari nao huipandisha, na kwa kawaida namba ikipita 200 ng/mL huwa ni uvimbe wenyewe unaoitoa. Habari njema ni kwamba uvimbe huu hutibiwa kwa vidonge, kabagolini kwa kuanzia miligramu 0.25 mara mbili kwa wiki, na mara nyingi husinyaa bila kisu.

Tezi ya shingo ikilegea, hali hujifanya ni jambo jingine. Binti husikia baridi, hupata choo kigumu, husinzia, huacha kurefuka, pengine shingo imevimba. TSH, homoni ya pituitari inayoiamsha tezi hiyo, hupanda sana, prolaktini hupanda nyuma yake, na pituitari huvimba mpaka kwenye picha ya kichwa inaonekana kama uvimbe wa kupasuliwa. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, huirudisha. Kwa hiyo hakuna kichwa cha msichana kinachopaswa kuguswa kwa upasuaji wa pituitari kabla TSH haijasomwa. Na nyumbani, chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Mwisho kuna yanayobana au kuharibu eneo lenyewe: uvimbe unaoota juu ya pituitari, makovu ya homa ya uti wa mgongo au kifua kikuu cha ubongo, ajali ya kichwa, mionzi ya saratani. Haya ndiyo yasiyosubiri. Kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika. Kuona katikati tu, akawa anagonga fremu za milango kwa bega. Kiu kisichoisha na kukojoa usiku kucha. Maziwa kutoka kwenye chuchu. Kuishiwa nguvu na kuzimia. Ukiona mojawapo, nendeni hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo. Na pituitari ikikutwa imeharibika yote, daktari hurudisha kwanza kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ndipo dawa ya tezi ya shingo. Akigeuza mpangilio, mgonjwa anaweza kuanguka na kufa.

Kuna la pembeni ambalo kwa binti yako halipo, nalitaja kwa ajili ya mama mwingine anayesoma: msichana mwenye kifua kamili anayeumwa tumbo la chini kila mwezi bila damu kutoka, huyo njia imezibwa, kwa utando wa kuzaliwa nao au kovu la ukeketaji. Damu inajaa ndani. Hana shida ya ubongo, anahitaji daktari wa upasuaji haraka.

Njia ya hospitali ni hii. Pitieni hospitali ya wilaya mpate barua ya rufaa, hasa kama mna bima, mwende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Benjamin Mkapa, ambako kuna mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ombeni kumwona daktari wa homoni au wa magonjwa ya wanawake. Mwambie binti mapema kwamba daktari ataomba kuongea naye peke yake, na wewe utoke bila kununa. Kipimo cha mimba kitafanywa, hata kwa ambaye hajawahi kuona hedhi, kwa sababu yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Si tuhuma, ni utaratibu. Hahitaji kupimwa kwa vidole ukeni. Kuangaliwa kwa nje na altrasaundi ya tumboni vinatosha.

Damu itolewe asubuhi, saa 2 hadi saa 4, akiwa ametulia dakika 20, kwa sababu hofu na mbio hupandisha prolaktini. Kufunga kula si lazima. Kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aviache siku tatu kabla, maana hupotosha namba za homoni. Vipimo vya kuombwa pamoja ni FSH, LH, estradioli (aina kuu ya estrojeni), prolaktini, TSH na T4 huru (homoni ya tezi ya shingo), picha nzima ya damu na VVU. Prolaktini ikiwa juu kidogo tu irudiwe kabla ya kuhangaika. Ongezeni eksirei ya mkono wa kushoto na kifundo chake, ambayo husoma umri wa mifupa: mifupa ya miaka 11 kwa binti wa 16 inasema balehe haijagusa mwili. FSH ikiwa juu, kipimo cha kromosomu. FSH ikiwa chini, MRI, na kwa binti yako fomu iandikwe wazi: "pituitari na neva za kunusa". MRI ya kichwa ya jumla hupita juu ya neva hizo bila kuziona; zinahitaji vipande vyembamba vinavyokatwa kutoka mbele kwenda nyuma. Siku ya altrasaundi, figo zote mbili zihesabiwe.

Sasa vile vidonge vya majira. Vingeweza kuleta damu, kila mtu angefurahi, na ukimya wa ubongo ungebaki pale pale umefunikwa. Zaidi ya hapo, vina estrojeni ya dozi ya mtu mzima pamoja na projestini, homoni inayoiga projesteroni, tangu siku ya kwanza. Kifua kinachoanza kujengwa hivyo hukua vibaya, na ncha za mifupa hufungwa ghafla. Balehe inayoletwa kwa dawa inatakiwa kuiga ile ya asili kwa mwendo wake. Ikithibitika kwamba ubongo hauamshi ovari, kwa kawaida huanzwa na estradioli kidogo, miligramu 0.5 au hata 0.25 kwa siku ya vidonge, au kiraka cha ngozi kilichokatwa vipande, kisha huongezwa kila baada ya miezi sita hivi hadi kufika miligramu 2 ndani ya miaka miwili au mitatu. Projesteroni huingia baadaye, damu ya kwanza ikidondoka au miaka miwili ikitimia: siku 10 hadi 12 kila mwezi. Ikiingia mapema hudumaza kifua; isipoingia kabisa, utando wa kizazi hunenepa kupita kiasi. Dozi yenyewe ataandika daktari aliyemwona, baada ya kuuliza kuhusu ini, damu kuganda na kipandauso.

Dawa hii si ya urembo. Mifupa hujengwa sana katika miaka hii, na isipopata estrojeni hubaki myepesi, akavunjika nyonga akiwa mama wa makamo. Dagaa wanaoliwa na miiba yao na maziwa vimsaidie kufikia miligramu 1,300 za kalisi kwa siku, ila chakula peke yake hakichukui nafasi ya estrojeni.

Uliuliza kama hatazaa. Mwenye ukimya wa GnRH ana ovari zenye mayai, hazijaitwa tu. Wakati wake ukifika, akiwa na mwenzi, huamshwa kwa sindano za FSH na LH au kwa pampu ndogo inayopiga GnRH kwa mapigo, na wengi hubeba mimba zao wenyewe. Wapo hata ambao mfumo huamka wenyewe baada ya miaka ya dawa, kama mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, ndiyo maana daktari huweza kusimamisha dawa kwa muda na kupima upya. Kwa kuwa asili yake ni ya kurithi, kabla ya kuzaa azungumze na mtaalamu wa vinasaba. Kwa bibi, mweleze kwa heshima kwamba hakuna aliyemfunga mjukuu wake. Kuna njia ndogo puani ambayo pengine haikujengeka kabla hajazaliwa, na hakuna aliyekosea.

Altrasaundi ya kuamua kama kizazi kipo isubiri. Irudiwe baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya estrojeni, akiwa amekunywa lita moja ya maji saa moja kabla na hajaenda haja. Mwombe mpimaji aandike urefu wa kizazi kwa sentimita, mwili na shingo kila kimoja peke yake, na unene wa utando wa ndani. Karatasi ya kwanza usiitupe, ipelekeni pamoja na hiyo.